Daladala au baiskeli: njia ya kwenda Ngezi kwa msafiri wa mkoba mgongoni

Mgeni mwenye fedha chache anayetoka Chake Chake kwenda msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya Pemba, ana njia mbili nafuu: daladala hadi Konde, au baiskeli ya kukodi.

Kwa gharama ya safari moja, daladala haina mpinzani, ingawa kutoka Konde kilomita chache zilizobaki hadi langoni mwa msitu ni za miguu au za bodaboda, ambayo bei yake ipatanwe kabla ya kupanda. Baiskeli hulipiwa kwa siku, na faida yake humdhihirikia anayekaa siku tatu au nne akizunguka Ngezi, ufuo wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha, kwa kuwa hapangiwi saa na mtu.

Kwa uhakika, daladala hutangulia wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za udongo zinapoteleza. Ila jioni magari hupungua. Wala Pemba si tambarare kama Unguja: vilima vyake humchosha hata kijana, sembuse aliyebeba kilo 15.

Matunzo ni mzigo wa aliyekodi baiskeli peke yake: pampu, viraka vya pancha, na breki za kukaguliwa kabla ya kuteremka.

Mwenye siku moja na mzigo mzito apande daladala. Mwenye wiki nzima na mahali pa kuacha mzigo akodi baiskeli, hasa akitaka kuwaona popo wakubwa wa Pemba wakiruka wakati wa magharibi, saa ambayo daladala haimngoji mtu.