Kaki ya kupima pale Majengo: kitambaa kizuri, ila jua unachoagiza

Ukiingia kwenye maduka ya vitambaa ya Majengo, hapa Dodoma, ukasema tu "naomba kaki", utaulizwa mita ngapi kabla hujaulizwa kaki ipi. Makosa yanaanzia hapo. Kwa muuzaji, kaki ni rangi, hivyo jora lolote la rangi ya ugali wa ulezi ni halali yako. Kwa fundi, kaki ni kitambaa kizito cha pamba chenye mishazari. Na ukivuka barabara hadi duka la vifaa vya ofisi, kaki ni bahasha.

Neno lenyewe limetoka vumbini. Kwa Kiajemi *khak* ni udongo au vumbi, na Kiurdu kikapata *khaki*, yaani yenye rangi ya vumbi. Waingereza walilikuta India. Afisa wa jeshi la Waingereza, Harry Lumsden, alipounda kikosi cha Guides kule Peshawar (leo ni Pakistani) mwaka 1846, askari wake hawakuvalishwa koti jekundu linaloonekana toka mbali. Walipewa nguo za rangi ya ardhi waliyoikanyaga. Kufikia 1902, Vita vya Makaburu vilipomalizika Afrika Kusini, kaki ilikuwa sare ya vitani ya jeshi zima la Uingereza. Kiingereza cha mtaani nacho kikalichukua na kulitumia kikipendavyo. Mmarekani akisema *khakis* anazungumzia suruali ya kuendea kazini, wala hana habari na jeshi. Uchaguzi mkuu wa Uingereza wa 1900, uliofanyika vita vikiendelea, uliitwa uchaguzi wa kaki, na jina hilo bado hupewa uchaguzi unaogubikwa na vita.

Kwetu nako halikutulia. Lilianza na askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, likaenda kwenye kaptula za wanafunzi na Kaunda suti, kisha likaingia kwenye karatasi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, maandazi nayo yanavaa kaki. Maana nyingine ya "bahasha ya kaki" haihitaji kuelezwa, hasa katika mji wa ofisi kama huu.

Sasa majora yenyewe. Aina zinazostahili hela ni mbili: pamba tupu, na mchanganyiko wa poliesta na pamba, ambao kwa nguo za kazi mara nyingi huwa 65 kwa 35. Ya tatu ni poliesta nyepesi iliyotiwa rangi ya kaki. Hiyo iache. Inang'aa makalioni ndani ya miezi michache, na kwenye joto la Oktoba na Novemba inakuwa kama umejifunga turubai.

Usitegemee maneno ya muuzaji; omba uzi mmoja kutoka ukingoni uuchome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko hufanya vyote viwili: majivu yenye vichembe vigumu ndani. Kisha chukua pembe ya kitambaa uifikiche kwa nguvu kati ya vidole. Ukiona unga mweupe, ujue kimepigwa wanga ili kionekane kizito, na kikifuliwa mara moja kitalegea kama shuka. Mwisho, lowesha leso nyeupe uisugue juu ya jora. Ikitoka na rangi ya chai, kitambaa kinachuja. Hata jeshi la Uingereza liliteseka na hilo: mpaka miaka ya 1880, ilipopatikana rangi isiyochuja, sare za kikosi kimoja zingeweza kupauka kila moja kivyake.

Vipimo: jora la upana wa sentimeta 150 linatosha suruali ya mtu mzima kwa mita 1.3 hadi 1.5. Likiwa la sentimeta 90, hesabu mita 2.5. Pima upana mwenyewe, kwa sababu majora yote mawili hukaa rafu moja na bei ya mita hutajwa bila upana.

Kosa kubwa hutokea kwa fundi, na ni la haraka. Pamba tupu ikikatwa bila kuloweshwa, suruali ya sentimeta 105 inaweza kupungua sentimeta 3 hadi 5 baada ya kufuliwa. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma, na maji ndiyo huziachia zirudi. Uzi wa kushonea ni poliesta na wenyewe haurudi, kwa hiyo mishono hukunjamana pande zote mbili za mguu. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto saa moja, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo kipelekwe kwa fundi. Mwambie atumie sindano namba 16. Nyembamba zaidi huruka mishono au kukatika panapokutana mikunjo minne ya kitambaa.

Kuhusu rangi, kaki ya njano iliyopauka haifai sana hapa. Ya Lumsden ilipimwa kwa vumbi la Peshawar. Vumbi letu lina wekundu, na huonekana pindoni kabla ya saa nne asubuhi. Iliyoiva, inayoelekea kahawia, huficha vizuri zaidi. Ya kijani yenye mifuko ya mapajani iangalie mara mbili, kwa sababu sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na yenye mabaka usiiguse kabisa.

Maji ya visima vya hapa yana chumvi. Sabuni ya mche huacha ukungu wa kijivu kwenye kaki, kwa hiyo tumia sabuni ya unga na suuza mara mbili. Geuza suruali ndani nje unapoianika.

Kwa mlinzi au fundi umeme, mchanganyiko unashinda kwa sababu haukunjamani na hukauka upesi. Kwa anayeshinda juani, pamba tupu, hata kama pasi itamchosha. Ukitaka sare ya watu sita, nunua mita zote siku hiyo hiyo na zikatwe kwenye jora moja; ukirudi wiki ijayo kuongeza, utapewa "kaki ile ile" na wa sita ataonekana kaazima suruali.