Mirija minne na leza ya kijani: seti ya kuonyesha nishati ikihama kwa kubadilishana elektroni

Kazi yangu ni kuandaa majaribio ya kemia kwa ajili ya madarasa, na seti za maonyesho zinazopita mikononi mwangu ni nyingi. Nyingi huishia kabatini. Hii bado iko mezani. Ndani ya boksi mna mirija minne ya kioo, leza ya kijani ya nanomita 532, tochi ya urujuanimno, vichujio vya kijivu, miwani ya kinga na kijitabu cha maelezo. Imetengenezwa kwa kazi moja tu: kuonyesha molekuli iliyosisimka ikiipa jirani yake nishati kwa njia ya kubadilishana elektroni. Kwa kazi hiyo sijaona seti inayoizidi, ingawa kijitabu chake kinapaswa kuandikwa upya.

Mrija wa kwanza una pofirini yenye platinamu, molekuli ya rangi inayomeza mwanga wa kijani, iliyoyeyushwa katika kioevu cha tolwini; rangi yake waridi. Ukiupiga leza unang'aa mwekundu, karibu na nanomita 645. Wa pili una difenilanthrasini, molekuli inayong'aa buluu, peke yake, na kwa macho ni kama maji matupu. Leza ya kijani inaupita bila kuugusa. Ukiumulika kwa tochi ya urujuanimno ndipo unatoa buluu. Wa tatu una vyote viwili. Hapo leza ya kijani inapochoma kioevu, katikati yake unatokea mstari wa buluu, na ule wekundu wa pofirini unafifia sana.

Huo mstari ndio wa kuutazama kwa makini. Fotoni ya leza ina elektrovolti 2.33, ilhali fotoni ya buluu inayotoka ina karibu 2.9. Umeingiza nishati ndogo, imetoka kubwa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Pofirini inameza fotoni ya kijani na mara moja inashuka hadi hali ya tripleti, ambamo elektroni mbili zina spini (sifa kama ya kuzunguka, yenye pande mbili tu) za upande mmoja; nishati yake ni elektrovolti 1.9 hivi. Inapogongana na difenilanthrasini, elektroni iliyopanda inahamia kwa jirani, na papo hapo elektroni ya chini ya jirani inakuja kuziba pengo lililobaki. Kila molekuli inabaki na idadi ileile ya elektroni, lakini msisimko umeshahama. Kisha difenilanthrasini mbili zilizopokea, kila moja na karibu elektrovolti 1.8, zinakutana na kubadilishana tena: moja inatulia, nyingine inapanda hadi singleti, hali ambayo spini hizo zinapingana, inayohitaji karibu 3.1 tu. Buluu inatoka hapo. Wanakemia Parker na Hatchard walishaeleza mwanga wa namna hii mwaka 1962.

Sasa kijitabu. Kimechora molekuli mbili zilizoachana, kati yake mawimbi, na maelezo kwamba nishati "inarushwa" kutoka moja hadi nyingine. Mchoro huo unafaa kwa njia ya Förster, ambako molekuli huhisiana kupitia uwanja wa umeme hata zikiwa nanomita kadhaa mbali, na kasi hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Njia hiyo haiwezi kuipandisha difenilanthrasini moja kwa moja hadi tripleti, kwa sababu mruko huo unahitaji spini igeuke na kwa mwanga karibu haumezwi kabisa. Mwanafizikia Dexter alionyesha mwaka 1953 kwamba kwa kubadilishana elektroni nguvu ya umezaji haihesabiwi. Kinachotakiwa ni nishati zilingane, spini kwa jumla ihifadhiwe, na mawingu ya elektroni ya molekuli hizo mbili yaingiliane. Kasi yake huporomoka kieksponenti kadiri zinavyoachana. Ukipita nanomita moja hivi, biashara imekwisha. Mwaka mmoja kabla yake, wanasayansi Terenin na Ermolaev walikuwa wameshauona uhamisho wa tripleti katika miyeyusho iliyogandishwa. Mwanafunzi akiondoka na ule mchoro kichwani, ameondoka na njia isiyo yenyewe. Mimi huuficha ukurasa huo na kuchora mwenyewe ubaoni: obitali mbili (yale mawingu ya elektroni) zilizogusana, mishale miwili inayopishana.

Uzuri ni kwamba seti yenyewe inasema ukweli. Mrija wa nne una mchanganyiko uleule wa tatu, ila umefungwa kwa kizibo cha mpira badala ya kuyeyushwa mdomo kwa moto. Fungua, tikisa hewa iingie, funga, piga leza tena: buluu imetoweka, na hata ule wekundu uliobaki umetoweka nao. Oksijeni ya hewani kwa asili yake ni tripleti, na hali yake ya singleti iko juu kwa elektrovolti 0.98 tu, kwa hiyo inazipora tripleti zote mbili kwa mbinu ileile ya kubadilishana. Pofirini hukaa katika tripleti makumi ya mikrosekunde. Kwa molekuli huo ni muda mrefu mno, na katika kioevu oksijeni haikosi kuifikia. Darasa linapouona mstari ukizimwa na hewa ya kawaida, maswali huja yenyewe.

Kizibo hicho cha mpira, hata hivyo, ni udhaifu. Mpira unapitisha oksijeni polepole, na mrija wetu ulianza kufifia kabla sijaufungua. Kuurudisha kwa kupuliza naitrojeni kunasaidia kwa kiasi, kwani oksijeni ya singleti huwa imeshaungana na sehemu ya difenilanthrasini na kuiharibu. Ingekuwa afadhali watoe vijirija vidogo kadhaa vilivyofungwa kwa moto, uvunje kimoja kila somo.

Miwani nayo inahitaji onyo. Ni ya rangi ya chungwa, inakinga macho dhidi ya 532 vizuri, lakini inazuia buluu pia. Ukiivaa unauona mrija wa kwanza uking'aa, ila ule wa tatu unaonekana kama haufanyi lolote! Usiivue. Mimi nimeifunga leza kwenye stendi ndani ya kasha lenye dirisha, dirishani nikaweka kichujio cha buluu kinachokata kijani, na darasa linatazama kupitia hapo. Kijitabu hakigusii jambo hili, na ni la usalama.

Vichujio vya kijivu ni vizuri kuliko nilivyotarajia. Ukipunguza leza hadi nusu, buluu inashuka hadi karibu robo, maana kila fotoni ya buluu inahitaji tripleti mbili zikutane. Hilo hutokea leza ikiwa hafifu. Ikiwa kali, uhusiano unanyooka: nusu ya leza, nusu ya buluu. Weka kamera ya simu kwenye mpangilio usiojibadilisha, na tofauti itaonekana wazi pichani.

Kwa anayefundisha fotokemia, au anayetaka kueleza kwa nini skrini za OLED zenye fosforesensi, yaani zinazotoa mwanga kutoka hali ya tripleti, zinahitaji tabaka za kuzuia tripleti zisivuje, ninaipendekeza bila kusita. Kwa darasa ambalo bado halijafika kwenye spini, subirini kwanza. Na watengenezaji wakiongeza mrija wa tano, pofirini na difenilanthrasini ndani ya plastiki ngumu ambamo molekuli haziwezi kusogea, nitauagiza siku hiyohiyo.