Damu feki kwenye figa: ya shira au ya gundi?

Wadau mnaopiga picha figa, vile visanamu vya plastiki vya wahusika wa katuni na muvi, damu zote mbili nshajaribu hapa Dar. Ya shira ni ile ile ya kaimati, unatia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo isije ikawa nyekundu ya kitoto, na kwenye kamera hii ndo noma, inang'aa, inatiririka, tone linaning'inia kidevuni kama kweli vile. Shida rangi inazama kwenye PVC, ile plastiki ya figa, nina figa moja mweupe shavu limebaki la pinki mpaka leo, nimesugua na maji ya sabuni wapi, halafu na joto hili nageuka kuchukua taa tu nakuta sisimizi washapanga foleni.

Ya gundi unachanganya gundi nyeupe ya PVA na rangi ya akriliki, unadondoshea juu ya faili la plastiki, unaacha ikauke kabisa (mi naiacha usiku kucha) then unabandua unaegesha kwenye figa kama stika. Haitiririki, na ukizumu sana inaonekana mpirampira, ila haiachi doa. Figa ya hela nyingi naweka gundi, shira naimwagia zile zilizovunjika mkono.