Sakafu ya koki juu ya mfumo wa joto: ipi inafaa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu koki yanafanana: sakafu inapendeza, laini mguuni, lakini mtambo wa joto wa mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu unawaka kutwa kucha na chumba kinabaki baridi. Muuzaji akiulizwa anasingizia mabomba. Koki ni lile gome la vizibo vya mvinyo. Limejaa vijishimo vya hewa, na joto hulipenya kwa shida.

Kwa hiyo rangi na nakshi sizigusi, chagua uipendayo. Mimi nauliza ukinzani wa joto tu, yaani kiasi ambacho kitu kinazuia joto lisipite. Kikomo kinachofuatwa sana ni 0.15 m²K/W kwa vyote vinavyokaa juu ya saruji, kwa pamoja: koki, tandiko la chini yake, na hata lile zulia unalopanga kulitupia katikati ya sebule. Watu huponzwa na tandiko. Kipimo kwenye boksi kinaridhisha, kisha fundi anatandaza povu nene kwa nia njema kabisa, na hesabu yote inaharibika.

Chaguo langu la kwanza ni vigae vya kubandika kwa gundi, koki tupu ya milimita 4 hadi 6. Vinagandana na saruji, hakuna tandiko wala hewa katikati. Hapa nina upendeleo na siuonei haya: chapa ya Wicanders ya kampuni ya Amorim, Wareno. Granorte, Wareno pia, nawaweka nyuma yao.

Zinafuata mbao za kufungamana zenyewe kingo kwa kingo, unene wa milimita 10 hivi, zenye kiini cha ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa. Kuziweka ni rahisi, ila zenyewe zinakula sehemu kubwa ya ile 0.15, na nyingi zimeshabandikwa koki upande wa chini. Usiongeze tandiko jingine!

Za bei rahisi zisizo na karatasi ya vipimo, pita.

Kabla ya kubandika, saruji iwe imekauka na joto limezimwa. Baadaye lipandishwe polepole, na uso wa sakafu usivuke kiwango cha mtengenezaji, mara nyingi nyuzi 27 au 28.

Sasa wauzaji. Ukiomba karatasi ya vipimo unaonyeshwa alama ya mawimbi ya joto kwenye boksi. Alama hiyo inakuhakikishia kwamba koki haitaharibiwa na joto. Kama joto litafika kwenye nyayo zako, haisemi. Na ile bei ya mita ya mraba iliyoandikwa kwa herufi kubwa haina gundi, haina vanishi, haina kazi ya kusawazisha saruji. Gundi inayotajwa kwenye masharti ya dhamana, bila shaka, wanaiuza wao wenyewe.