Joomla kwa tovuti ya waandishi wengi: uzoefu wangu

Joomla ni programu ya kujenga na kuendesha tovuti, na jina lenyewe ni neno letu. Agosti 2005 timu iliyokuwa ikiandika programu kama hiyo, iitwayo Mambo, iligombana na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo. Wakajitoa, wakaendelea na msimbo uleule chini ya jina jipya, Joomla, ambalo ni "jumla" iliyoandikwa ili msomaji wa Kiingereza aitamke sawasawa. Ni programu huria, kwa leseni ya GPL, na hulipii chochote isipokuwa seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na jina la tovuti.

Naipendekeza Joomla kwa yeyote mwenye tovuti ya waandishi wengi wasio na mamlaka sawa, au tovuti ya lugha mbili. Nyenzo za kazi hizo mbili zimo ndani ya Joomla tangu toleo la 1.6 la mwaka 2011, bila kuongeza plagini, yaani programu ndogo za nyongeza. Kwa blogu ya mtu mmoja, hapana: kazi ni ndogo na mtambo ni mkubwa.

Joomla 5 inataka PHP (lugha ya programu inayoiendesha) 8.1 au zaidi, pamoja na programu ya hifadhidata: MySQL 8.0.13 au MariaDB 10.4, au zaidi. Uliza hayo kabla ya kulipia seva. Kisha tengeneza hifadhidata tupu na mtumiaji wake kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia seva, pakia zipu nzima ya Joomla kwenye public_html, folda ya tovuti, na uifungulie hukohuko. Ukipakia faili mojamoja kwa FTP, njia ya kuhamishia faili kwenye seva, mtandao ukikatika katikati utabaki na faili pungufu, na kosa litakalojitokeza baadaye halitakuambia chanzo chake. Kisha fungua anwani ya tovuti ujaze fomu ya usakinishaji. Nenosiri la msimamizi lisipungue herufi 12. Kwenye hatua ya hifadhidata ndipo wengi wanapokwama: cPanel hutanguliza jina la akaunti yako mbele ya jina la hifadhidata na la mtumiaji, na lazima uyaandike majina hayo kwa ukamilifu wake.

Baada ya hapo, badilisha jina la faili htaccess.txt liwe .htaccess, faili ya maagizo kwa seva, ndipo uwashe "URL Rewriting" inayosafisha anwani za kurasa. Ukianza na kuwasha, ukurasa wa mwanzo utafunguka vizuri lakini viungo vya ndani vitatoa 404, kosa la ukurasa kutopatikana. Angalia pia upload_max_filesize ya PHP, kikomo cha ukubwa wa faili unayopakia. Kwa kawaida ni 2M (megabaiti 2), na templeti nyingi, yaani vifurushi vya sura ya tovuti, huzidi hapo. Mimi huweka 32M, na post_max_size, kikomo cha data yote inayotumwa kwa mara moja, isiwe chini ya hiyo.

Sasa menyu, maana hapa ndipo Joomla inapopendwa au kuchukiwa. Katika Joomla makala haina makao mpaka menyu iipe. Anwani ya makala, moduli (visanduku vidogo vya maudhui) zinazoonekana pembeni yake, hata templeti inayotumika, vyote vinafuata kipengele cha menyu. Mtu akiandika makala 40 kwanza na kukumbuka menyu mwishoni, atapata anwani za ajabu na moduli zinazopotea kwenye baadhi ya kurasa. Anza na kategoria, fuata menyu, makala zije mwisho. Kategoria usiyotaka ionekane juu ya ukurasa iwekee kipengele kwenye menyu ya pili, isiyo na moduli ya kuionyesha. Makala zake zitapata anwani safi. Ukitaka kuona nafasi za moduli, washa "Preview Module Positions" kwenye mipangilio ya templeti, kisha ongeza ?tp=1 mwishoni mwa anwani.

Ruhusa zimepangwa vizuri kuliko programu nyingi ninazozijua. Author anaandika na kurekebisha makala zake, Editor anarekebisha za wote, Publisher ndiye anayechapisha. Kosa kubwa ni kutumia "Denied" ovyo. Katazo la kundi la juu linashuka kwa makundi yote yaliyo chini yake, na huwezi kulitengua huko chini. Ukiliweka kwa Registered, kundi la waliojisajili ambalo Author yuko chini yake, umemfungia na Author. Acha "Inherited", kisha ruhusu pale tu panapohitajika.

Maneno kama "Read more" yageuze kuwa "Soma zaidi" kupitia "Language Overrides", usiguse faili za lugha. Rangi na herufi za Cassiopeia, templeti inayokuja na Joomla, ziandike kwenye user.css, ndani ya media/templates/site/cassiopeia/css. Vyote hivyo havifutwi programu inaposasishwa, lakini ukihariri template.css yenyewe, kazi yako itafutika.

Udhaifu upo. Plagini ni chache kuliko za WordPress, na fundi wa Joomla humpati upesi. Nyingine ni mzigo wa kusasisha, na huo haukwepeki. Matoleo ya 4.0.0 hadi 4.2.7 yalikuwa na tundu kwenye API (njia ya programu nyingine kuwasiliana na tovuti) lililomwezesha mtu asiye na akaunti kusoma mipangilio ya tovuti, nenosiri la hifadhidata likiwemo. Lilizibwa kwenye 4.2.8, Februari 2023. Joomla 3 nayo iliacha kupata marekebisho Agosti 2023, kwa hiyo tovuti iliyobaki huko iko wazi.

Anayetoka Joomla 3 asiruke. Pandisha hadi 3.10, kisha 4.4, hakikisha PHP imefika 8.1, ndipo uende 5. Kabla ya kila hatua soma ukaguzi ulio kwenye ukurasa wa kusasisha: unaorodhesha plagini zisizojulikana kama zitaafikiana na toleo jipya, na hizo ndizo huvunja tovuti. Zima zile usizozihitaji. Chukua nakala kamili ya tovuti kwa Akeeba Backup, nyongeza ya kutengeneza nakala, ishushe kwenye kompyuta yako, kisha uifute kwenye seva. Nakala zikirundikana hujaza diski, na diski ikijaa wakati faili mpya zinafunguliwa, tovuti hubaki nusu toleo la zamani na nusu jipya.