Watamu: lala kijijini, kula kwa saa za maji

Nasema mapema: ukienda Watamu, pwani ya Kenya katika kaunti ya Kilifi, kwa pesa zako mwenyewe, usianze na hoteli ya ufukweni. Tafuta chumba ndani ya kijiji, bahari utaifuata kwa miguu. Mimi na familia yangu tumelala pande zote mbili, na tofauti haiko kwenye bei tu.

Hoteli tuliyoanzia ilikuwa na bustani nzuri, bwawa safi na wahudumu wenye adabu. Kilichotuchosha ni sahani. Uko pwani, ng'ambo ya ukuta kunanukia nazi na samaki wa makaa, nawe kila jioni unaletewa tambi na kuku asiyekolea chumvi. Chakula cha Kiswahili kilitengewa usiku mmoja kwa wiki. Sina neno na tambi zenyewe. Waitaliano wana miaka mingi Watamu na Malindi, na aiskrimu yao ya embe pale mjini niliirudia zaidi ya mara moja. Lakini sikusafiri kutoka Nairobi mpaka Kilifi kukosa wali wa nazi.

Tukahamia kijijini, ghorofa ya juu ya nyumba ya familia moja, paa la makuti, upepo unaingia huku na kutokea kule. Pesa ya usiku mmoja hotelini ilitosha siku kadhaa hapa, na bado ikabaki ya mboga. Kutoka mlangoni hadi mchangani ni vichochoro viwili vitatu, unapita barazani unasalimia wazee, umefika. Kama usingizi wako ni mwepesi, ujue adhana ya alfajiri iko karibu. Mimi iliniamsha saa nzuri ya kutembea ufukweni kabla jua halijawa kali.

Kabla hujalipa chumba cha kijijini, uliza mambo machache. La kwanza ni maji: nyumba nyingi zinatumia kisima, na maji ya kisima hapa yana chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakakamaa. Uliza kama kuna tangi la maji matamu japo ya kujisuuza. Kisha chandarua kizima kisicho na tundu, na feni inayofanya kazi. Hayo yakiwepo, mengine utayazoea.

Sasa kula. Asubuhi ni mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na ukichelewa unakuta sinia tupu, maana wenyeji nao wananunua hapo hapo. Jioni vibanda vya barabara ya kijiji vinawasha karai: viazi karai vyenye ganda jembamba, bajia, mishkaki, na chatini ya ukwaju ambayo ndiyo inayokufanya urudi. Nilipenda zaidi kibanda chenye foleni ya watoto waliotumwa na mama zao. Mtoto akitumwa anaambiwa aende kwa fulani, hachagui ovyo.

Kwa chakula kizito, zungumza na mwenye nyumba asubuhi. Mama mwenye nyumba yetu alikuwa akiuliza, "Leo mwataka nini, wanangu?" Ukisema samaki, anatuma mtu kwa wavuvi, na mchana unakula samaki aina ya changu, wa kupaka, aliyeiva juu ya makaa huku tui likimkaukia mgongoni. Bahari ya mbele ya mji ni hifadhi tangu 1968 na hairuhusiwi kuvuliwa, hivyo wavuvi huenda nje yake. Ndiyo maana siku nyingine jibu ni, "Leo hakuna changu, kuna pweza." Pokea pweza. Wa nazi, na chapati.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni saa za maji kujaa na kutoka, nazo ndizo zinazopanga siku yote ya Watamu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hutoka mbali kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa sana alasiri. Siku hizo nenda na mashua kwenye matumbawe asubuhi, wakati maji ni machache na samaki unawaona karibu kabisa. Ada ya hifadhi hulipwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, ni mbali na pesa ya nahodha, basi kubalianeni zote mbili kabla ya kupanda. Kati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayajai sana, na hapo unaoga karibu saa yoyote.

Alasiri ya bamvua ndiyo ya kwenda Dabaso, kwenye hori la Mida, mkono wa bahari unaoingia bara. Kikundi cha wenyeji kinachohifadhi mikoko kina mkahawa wa mbao juu ya maji, Crab Shack, na unaufikia kwa njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Agiza sambusa za kaa. Nyama ya kaa ni tamu yenyewe, na pale haifichwi na viungo vingi. Ukienda maji yametoka utakuta matope na ndege wa ufukweni, nako kunapendeza kwa wapenda ndege, lakini maji yakijaa hadi chini ya meza na jua likielekea kuzama, pale hapana mfano wake Watamu. Panga bei ya tuktuk ya kwenda na kurudi, na uchukue namba ya dereva.

Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, yako njiani unapoingia kutoka barabara ya Mombasa na Malindi. Yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Yape asubuhi nzima, usiyapitie mbiombio.

Hoteli ya ufukweni nitamshauri mtu mwenye mzazi asiyeweza vichochoro vya mchanga, au mwenye watoto wadogo wanaohitaji bwawa. Achukue chumba na chai ya asubuhi tu, chakula cha jioni aje kijijini. Mwezi wa tano ni wa mvua na hoteli kadhaa hufunga. Desemba vyumba vya kijijini navyo hujaa, kwa hiyo piga simu mapema.