Uzoefu wangu: fundi umeme wa Ngamiani, Tanga, aliyeugundua ugonjwa wa Haisi yangu baada ya ajali

Nina Toyota HiAce inayobeba wanafunzi, asubuhi kuwachukua Mikanjuni na Duga, mchana kuwarudisha. Siku ya ajali haikuwa na mtoto ndani, alhamdulillahi. Dereva wangu alikuwa anatoka Muheza akiwa peke yake, bodaboda ikamwingilia barabarani, akaikwepa, na kona ya mbele kushoto ikapiga ukingo wa kalvati. Yeye alitoka na michubuko. Gari likapondeka bampa, fenda na taa ya kushoto.

Polisi walipomaliza ukaguzi wao nikalipeleka gereji moja hapa mjini. Kazi ya bodi sina neno nayo, walinyoosha vizuri na rangi ilikubali. Lakini gari lilirudi na maradhi matatu. Taa ya onyo ya ABS, ule mfumo wa breki wa kuzuia kuburuzika, haizimi kwenye dashibodi. Ukiwasha indiketa ya kushoto huku taa kubwa zinawaka, taa zote za kona ile zinapepesa pamoja, tena kwa mwanga hafifu. Na ukikanyaga breki, gari linavuta kulia.

Nikarudi kwao. Wakapiga kompyuta, ikataja sensa (kifaa kinachosoma mzunguko wa gurudumu) ya tairi la mbele kushoto. Wakabadilisha sensa. Taa ikatulia siku mbili, ikarudi. Wakabadilisha ya pili, yale yale. Hapo shilingi 170,000 imeshakwenda. Mara ya tatu kijana mmoja akaniambia, "Mama, tung'oe tu hiki kitaa, mbona breki zinashika." Ni kweli kwamba taa ya ABS ikiwaka breki za kawaida bado zinafanya kazi. Kinachokosekana ni ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande na kuburuzika ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami iliyolowa. Sasa niambie, masika ya Tanga, watoto wa watu kumi na nne nyuma, halafu mimi ning'oe taa? Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi, mtu mzima, ana kibanda cha mabati Ngamiani chini ya mwembe. Kilichonivutia tangu mwanzo ni kwamba hakukimbilia mashine. Alimkalisha dereva akamhoji. Gari lilipigwa wapi hasa? Baada ya kugonga uliliendesha au lilivutwa? Hii breki kuvuta kulia imeanza siku ya ajali au baada ya kutoka gereji? Dereva akafikiri, akasema baada ya gereji. Fundi akaandika kwenye kipande cha boksi.

Alianza na taa. Akawasha taa kubwa, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme betri, wa taa ya kushoto. "Hebu njoo uone mwenyewe, dada." Mita ilisoma volti 3 na pointi. Akanieleza kwamba hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri. Ikizidi pointi mbili, tatu hivi, ujue umeme unazuiliwa njiani. Unapokosa njia ya kurudi betri unajipenyeza kwenye balbu ya jirani, ndiyo maana indiketa ilikuwa inawasha kona nzima. Akafuata waya mpaka bolti yake nyuma ya taa, akaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe safi, ile ile nzuri niliyoisifu. Walipaka kila mahali, kisha wakafunga ethi juu ya rangi. Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, akafunga, akapaka grisi kwa juu kwa ajili ya chumvi ya bahari. Taa ikawaka kama mpya. Gharama ya kifaa: hakuna.

Kwenye ABS aliipiga kompyuta na yeye, na ilisema vilevile, mbele kushoto. Tofauti ni kwamba yeye aliichukulia kama mtaa, wala si nyumba. Kompyuta inaona kuwa taarifa za gurudumu lile haziji. Haijui zimekatikia wapi. Akapima waya kutoka soketi ya sensa mpaka kwenye boksi ya ABS huku akiutikisa shibiri kwa shibiri. Alipofika nyuma ya fenda, namba ikapotea. Kwa nje mpira ulikuwa mzima kabisa. Akauchana kwa wembe: ndani shaba imeota kijani, imebaki nyuzi mbili tatu zinazogusana zikipenda. Ulibanwa siku ya ajali na hakuna aliyeutazama. Alitoa kipande kizima akaweka kingine.

(Jambo jingine lililonipa imani: kabla ya kusogelea waya zenye kava ya njano, ambazo ni za eabegi, alitoa hasi ya betri akasubiri zaidi ya dakika moja na nusu. Kijana wake alitaka kuendelea, akamzuia.)

Breki ndiyo iliyonifunza zaidi. Aliinua gurudumu la mbele kushoto kwa jeki, dereva akakanyaga na kuachia. Gurudumu likabaki limeshikwa, halizunguki. Akalegeza nipeli ya kutolea upepo, mafuta yakaruka, gurudumu likaachia. Dereva akakanyaga tena na kuachia. Safari hii fundi akalegeza bomba la juu, kabla ya hospaipu, yaani mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Gurudumu likagoma kuachia. Basi masta silinda, ile pampu kuu ya breki, haina kosa, mafuta yamenaswa ndani ya hospaipu. Ilikuwa imejisokota, gereji waliporudisha kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) waliifunga ikiwa imepinda. Aliikata akanionyesha, tundu limebaki kama la sindano. Mafuta yanachelewa kufika kushoto, kulia kunashika kwanza, gari linavuta kulia. Nikanunua hospaipu za pande zote mbili na mafuta mapya ya DOT 3 kama kifuniko kinavyoandika, kwa sababu ya zamani yalikuwa meusi kama kahawa.

Ufundi wote, vipimo pamoja na kazi, nimelipa 90,000. Sasa ukiwasha swichi taa ya ABS inawaka, sekunde chache inazima, na ndivyo inavyotakiwa. Ukinunua gari lililopata ajali na taa hiyo haiwaki kabisa, uliza balbu imekwenda wapi.

Kasoro zipo. Siku mbili na nusu ni nyingi kwa mwenye gari la biashara, nilikodi gari jingine kwa ajili ya wanafunzi. Hana risiti. Mvua ikinyesha kazi inasimama, maana kibanda kinaenea benchi na betri tu. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari karibu siku nzima.

Ukienda, nenda Jumatatu asubuhi mapema, na dereva aliyekuwa kwenye usukani siku ya ajali aende pia. Mimi nakwenda tena wiki ijayo, taa ya rivasi imeanza kusuasua.